Mwalimu Aliyemkata Kasa

Sijui Mwalimu wetu wa baiolojia alizaliwa mwaka gani, wala habari za ukoo wake sikuwahi kuuliza. Njombe hawakosekani watu wa kukueleza hayo hadi kwa babu wa babu; waulize wao. Mimi namjua kuanzia asubuhi ile alipoingia darasani kwetu, kidato cha kwanza, na koti la kahawia lenye viraka viwikoni, akaona panzi ametua dirishani, na kabla hata hatujamaliza kumwamkia akauliza, "Nani anamla?"

Tukatazamana. Tulikuwa watoto wa kila namna pale: Wabena wenyeji, Wakinga wa Makete, Wapangwa wa Ludewa, na mimi na wengine wachache kutoka Makambako, watoto wa watu waliokuja na treni na malori. Hakuna aliyejua kama anaulizwa juu ya panzi au juu ya mwenzetu aliyechelewa kufika.

"Kuku," akasema mmoja mwishowe.

"Usinipe maneno. Nipe mshale."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Ukijibu, unakwenda ubaoni kuchora mshale kutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula, na ole wako uugeuze. Mshale unafuata chakula kinakokwenda, alituambia, hauelekezi meno. Kwa miaka minne nimechora mishale ya panzi, ya mahindi, ya chawa, ya nyasi za nyuma ya bweni. Kwenye harusi ya karani wa shule, ilipoletwa keki ndefu ya ghorofa tatu, jambo geni kwetu wakati huo, tulimwona Mwalimu anainua shingo, tukajua kabisa anachotaka kuuliza. Mkewe akamfinya.

Kidato cha tatu alitupeleka Kitulo wakati wa maua. Tulikaa nyuma ya lori tukitetemeka kwa baridi, na tulipofika tukasahau baridi, maana uwanda mzima ulikuwa umechanua, njano na zambarau na nyeupe, mpaka mtu unaona aibu kukanyaga. Mwalimu akainama kwenye ua moja dogo la pinki. "Nani analila hili?"

Wengine wakasema nyuki, wengine kipepeo. Msichana mmoja wa Matamba, ambaye kwa kawaida hakufungua mdomo darasani, akasema, "Sisi, Mwalimu."

"Ninyi?"

"Kule chini lina kiazi chake. Tunakichimba. Siku hizi wanakuja watu mpaka kutoka Zambia kukinunua, wanakwenda kupika."

Mwalimu akakaa palepale kwenye majani yaliyolowa, akatoa penseli. "Basi leo wewe ndiye mwalimu," akamwambia. "Anza mwanzo, na usiharakishe." Yule msichana alifundisha karibu nusu saa, na Mwalimu akaandika kila neno. Nilimpenda sana siku hiyo. Nilimwonea wivu pia yule msichana, kwa sababu nitakayoieleza, maana mimi nilipojaribu kumfundisha jambo sikupata bahati kama yake.

Aliandika, nilivyosema, lakini aliandika kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kiganja. Hapo ndipo ilipokuwa kasoro yake, kama ni kasoro. Mwalimu alikuwa bahili wa karatasi kupita kiasi. Alikuwa amefundisha miaka ya uhaba, wakati daftari moja lilikatwa kwa wembe likagawiwa watoto wawili, na nadhani ile miaka haikumtoka. Bahasha alizifungua kwa mvuke, akazigeuza nje ndani, akazitumia tena. Barua za mapenzi alizotunyang'anya aliandikia mahudhurio upande wa nyuma, ikawa kila asubuhi jina la mtu linasomwa mgongoni mwa siri ya mtu mwingine. Mitihani yake yote ilikuwa ya nusu karatasi. Kama maswali hayatoshi kwenye nusu karatasi, maswali yanapunguzwa, karatasi haiongezwi.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Maduka ya Njombe, ambako tulizoea kukuta rafu tupu na muuzaji anapiga miayo, yakajaa madaftari ya kila rangi, sabuni za kunukia, mafuta ya kupikia ya makopo, na mitumba ikatundikwa kwenye miti ya miwati kando ya barabara. Mkuu wa shule akanunua karatasi maboksi kwa maboksi. Mwalimu wetu akaendelea kukata nusu. Tulipomtania alisema, "Kilichojaa leo kinaweza kisiwepo kesho," akaendelea na mkasi wake.

Lakini huyohuyo mchoyo wa karatasi alikuwa hana mkono wa birika kwa kitu kingine chochote. Viazi vya kinyungu chake, kile kishamba cha bondeni wanacholima watu wa Njombe kiangazi, viliishia nusu kwenye vyungu vya wanafunzi wasiokwenda likizo. Makoti yake mawili ya mvua sikumbuki kuyaona mgongoni mwake mvua ikinyesha. Yalikuwa kwa watu siku zote.

Sasa nieleze habari ya yavuyavu.

Mwalimu hakuwahi kuiona bahari. Alilisema hilo bila kona: mbali zaidi alikofika ni Morogoro, kwa kozi. Lakini mtihani wa taifa uliuliza juu ya bahari, kwa hiyo ilimbidi kuifundisha, na aliifundisha kwa bidii ya mtu anayejenga nyumba kwenye kiwanja asichokijua. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la viumbe wale laini wanaoelea na mkondo, wasio na mfupa wala moyo wala ubongo, ambao ukiwatazama unawaona mpaka tumboni. Yavuyavu, alituambia, jina alilolitoa kwenye kamusi.

Ili tumwone, alimpika. Alikwangua viazi, akaacha wanga utuame kwenye ndoo, akauchemsha na maji mpaka ukawa ute unaopenya mwanga, akaumimina kwenye bakuli, na ulipoganda akaufunika juu ya kiganja chake ukakaa kama mwavuli unaotetemeka. Pembeni alichomeka nyuzi za sweta kuwa mikono. Akapita nao kila dawati. "Karibu wote ni maji," alisema kwa sauti ya chini utadhani ataamka. "Haogelei kwa nguvu, anakwenda anakopelekwa. Lakini nyuzi hizi zinawasha. Zinanasa vijidudu, zinanasa mayai ya samaki, zinanasa hata vifaranga vya samaki wenyewe."

Lile yavuyavu la viazi tuliliweka dirishani, na kipindi cha mwisho kilipokwisha tulikuta halipo. Wavulana wa bweni la pili walikuwa wamelila na sukari. Mwalimu alicheka mpaka akatoa leso.

Baada ya hapo akagawa mchoro. Ulikuwa umerudufiwa kwa ile mashine ya shule iliyotuchafua vidole wino, kwenye nusu karatasi kama kawaida. Jua juu, chini yake mimea midogo inayoelea, kisha vijidudu vinavyoila, kisha samaki, na katikati yavuyavu akiwa amevuta mishale kutoka kila upande. Mwalimu akauliza swali lake. Hakuna aliyejibu, kwa sababu kwenye karatasi hakukuwa na jibu.

"Hamwoni? Hakuna. Huyu anakula, haliwi. Mishale yote inaingia, hautoki hata mmoja. Chakula kikifika kwa huyu bwana kimefika mwisho wa barabara."

Angeishia hapo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini wiki ileile kaka yake alikuwa ameuza viazi kwa wanunuzi wa Makambako, na walimfungia lumbesa, yaani gunia linajazwa mpaka mdomo, kisha linavishwa kilemba cha viazi vingine juu na kushonwa kwa kamba, na mkulima analipwa gunia moja. Mwalimu alikuwa bado na hasira zake. Akapiga ubao kwa chaki.

"Mnataka kumwona yavuyavu wa nchi kavu? Nendeni Makambako. Wamejaa pale, wamekuja na upepo wa soko huria. Wanakunyonya wewe, wanaondoka. Hakuna mshale unaorudi."

Darasa zima likanigeukia. Baba yangu alitoka Kilwa akiwa utingo wa lori, akawa dereva, akawa na lori lake. Alipandisha dagaa na samaki wakavu kutoka pwani, akashusha viazi. Hapakuwa na mtu shuleni asiyelijua lori lake la bluu. Mwalimu naye alijua; nilimwona amekumbuka, chaki ikasimama hewani. Lakini neno lilikuwa limeshatoka na hakulirudisha.

Nilikuwa kidato cha pili, na miaka kumi na tano, na mdomo wangu ulikuwa hauna breki. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, baba anasema kasa anamla yavuyavu."

"Baba yako amesomea wapi baiolojia?"

"Hajasoma, Mwalimu. Amekulia Kilwa."

"Basi mwambie auze dagaa zake, mtihani atuachie sisi."

Walicheka mpaka wa darasa la jirani wakagonga ukuta. Kwenye jaribio la mwezi ule aliuliza tena, nami nikaandika kasa, kwa wino, kwa herufi kubwa. Nikapata mkasi mwekundu, ile alama ya kosa. Na kuanzia siku ile mpaka namaliza kidato cha nne nikaitwa Mtoto wa Yavuyavu, na baba yangu, ambaye hakuwepo hata kujitetea, akawa Mzee Yavuyavu. Lori la bluu likipita barabarani wavulana walikimbilia ukingoni mwa uwanja wakainua mikono na kuiyumbisha kama nyuzi zinazoelea. Nililia sana kidato cha pili. Nasema hivyo kwa sababu watu hudhani majina ya shule ni mchezo.

Na nisiwe mwongo: Baba alifunga lumbesa, kama walivyofunga wote. Kaka yake Mwalimu hakuonewa na hewa. Kilichonichoma kilikuwa lile la kwamba hakuna mshale unaorudi. Nilimwona baba anarudi nyumbani amefunikwa vumbi la nchi nzima, na dagaa wake nilikuwa nawaona kwenye sahani za wenzangu haohao waliocheka, Jumatano na Jumamosi, jikoni kwa shule. Nilitaka Mwalimu aseme amekosea. Sikutaka kingine. Nilingoja mwaka huo, nikangoja na uliofuata.

Mtu angetegemea nimchukie. Nilijaribu, haikuwezekana, na sababu ni Ramadhani.

Tulikuwa Waislamu saba tu shuleni, na mwezi mtukufu uliangukia muhula wa baridi. Ukungu wa Njombe ukishuka saa kumi na mbili unaingia mpaka kwenye mifupa, na jikoni walikuwa wameshafunga kwa sababu chakula cha jioni kililiwa saa kumi na moja. Siku ya kwanza tulifuturu kwa maji na mkate mkavu. Siku ya pili, jua linazama, tukasikia kengele ya baiskeli. Mwalimu, Mlutheri wa kuimba besi kwaya ya kanisani, alikuwa amebeba chupa mbili za uji wa ulezi na sufuria ya viazi imefungwa kwa sweta lake. Akaviweka kwenye ngazi za bweni.

"Adhana yenu ni saa ngapi hasa?" akauliza.

"Saa kumi na mbili na nusu na kidogo, Mwalimu."

"Kidogo ni dakika ngapi?"

Tukamwambia. Akaandika kwenye kikaratasi chake. Akarudi kila siku, mwezi mzima, na hata siku moja hakuchelewa. Alisimama pembeni tukila, mikono mfukoni, anatazama ng'ombe wa watu bondeni ili tusimwonee haya. Mke wake alituambia baadaye kwamba viazi vile Mwalimu alivipika mwenyewe, akidai wanawake hawajui kuvitoa kabla havijapasuka. Mimi nilikula viazi vya mtu aliyemtukana baba yangu, na vilikuwa vitamu, na sikujua niviweke wapi vitu hivi viwili.

Alikuwa hivyo kwa mambo mengi. Hakunywa pombe, aliliahidi kanisa. Lakini alisimama kando ya wauza ulanzi, ile pombe ya mianzi, kila msimu, akanusa kibuyu kimoja kimoja na kusema upi umechacha sawasawa na upi umetiwa maji, na watu walinunua kwa pua yake. Alisema soko huria litatumaliza, kisha akawa mtu wa kwanza mtaani kwake kununua redio ya kaseti, akaitumia kurekodi vyura. Wazee wa kijiji chake walimwomba awe mwenyekiti, akakataa, kisha akahudhuria kila mkutano na kumsahihisha mwenyekiti. Ukimsalimia kwa Kibena, "Kamwene," alikujibu kwa Kiswahili sanifu cha darasani. Ukimsalimia kwa Kiswahili, anakupeleka Kibena mpaka ukome.

Nilimaliza shule, nikafaulu, baiolojia nikipata alama nzuri kuliko zote. Kwenye mtihani wa taifa hawakuuliza juu ya yavuyavu. Nikasoma uuguzi, nikafanya kazi miaka michache, nikaolewa, nikapata watoto wawili, kisha Baba macho yalipoanza kumsumbua nikarudi Makambako kumsimamia ghala. Sikujutia. Napenda harufu ya dagaa asubuhi, napenda kelele za wachukuzi, napenda hata ule upepo wa Makambako unaokujaza mchanga mpaka kwenye chai. Baba alikaa mlangoni kwenye kiti chake cha kamba, amevaa kanzu na kofia, akiamkiana na nusu ya dunia. Tulikuwa watu wa raha, Alhamdulillahi. Ila kila nilipomtazama nilikumbuka lile jina ambalo hakuwahi kulisikia, na nilikuwa nimeapa hatalisikia.

Ndipo Mwalimu akashuka kwenye basi la asubuhi.

Nilimjua kwa koti. Alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla, amepungua mwili, nywele zimekuwa nyeupe zote. Kwapani alikuwa na karatasi iliyokunjwa mviringo, ndefu kama mkono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako yupo?"

Hakuuliza habari za watoto, wala za kazi, wala za njiani hakuniambia. Nilipomwonyesha kiti hakukaa. Akasimama mbele ya Baba, akamwamkia kwa heshima ingawa nadhani walilingana umri, akasema, "Mzee, mimi ndiye niliyemfundisha binti yako baiolojia. Nina makosa yangu, nimekuja kuyasema."

"Karibu, Mwalimu, karibu sana. Kaa kwanza. Makosa husemwa watu wakiwa wamekaa."

Akakaa kwenye gunia. Akaikunjua ile karatasi juu ya mizani. Ulikuwa mchoro wa bahari, umechorwa kwa mkono wake, kwa kalamu za rangi. Baada ya kustaafu, akasimulia, aliitwa kusimamia mtihani katika seminari moja, na kwenye maktaba yao akakikuta kitabu kilekile alichokiazima zamani na kunakili mchoro wetu. Akafungua ukurasa kwa furaha ya kuonana na rafiki. Chini ya yavuyavu akamwona kasa.

"Alikuwepo tangu mwanzo," akasema. "Kitabu hakikukosea. Ukurasa wenyewe ulikuwa mrefu. Nilipoandaa stensili niliona hautoshi kwenye nusu karatasi yangu, nikakata robo ya chini. Nilidhani ni mapambo, mchanga na kaa. Nikarudisha kitabu, nikabaki na stensili, na baada ya miaka miwili nikasahau kwamba nilikata. Nikawa naamini nilichobakiwa nacho."

Akaanza kufuata kwa kidole. Huyu hapa kasa, mshale unakwenda kwake. Hawa hapa samaki wakubwa wanaomla pia. Hivi visamaki vidogo vinajificha chini ya mwavuli wake, kwenye nyuzi zilezile zinazowasha, mpaka vikue. Na akifa, anazama pole pole, siku nyingi, mpaka chini kabisa kwenye giza ambako mmea hauoti. Kule wapo kaa na wenzao wanaoishi kwa kile kinachowaangukia kutoka juu. "Kwa hao, huyu ni mavuno," akasema Mwalimu. "Anachukua chakula cha juu anakishusha chini. Mimi nilikata kasa, nikakata na sakafu ya bahari, halafu nikawaambia watoto mnyama huyu hana faida kwa yeyote."

"Kasa anamla sana," Baba akasema kwa utaratibu. "Sisi tukiona yavuyavu wamejaa tulijua kasa hawako mbali. Na vile visamaki ni kweli, ukimwinua vinatawanyika. Lakini Mwalimu, ndilo lililokutoa Njombe na upepo huu?"

Nilimkonyeza Mwalimu. Nilitikisa kichwa. Aliniona, nami nilijua ameniona.

"Hapana, mzee. Nilisema darasani kwamba wafanyabiashara wa Makambako ni yavuyavu. Binti yako alikuwa mbele yangu. Alinisahihisha, akataja kasa, nikamdhihaki yeye na wewe. Wenzake wakamwita Mtoto wa Yavuyavu mpaka akamaliza shule. Wewe walikuita Mzee Yavuyavu. Nililisikia jina hilo likitumika na sikulikataza. Nimewafuata wengi wa darasa lile, mmoja anafundisha karibu na Liganga, mwingine yuko Matamba, nimewaambia wote. Hapa nimepaacha mwisho kwa sababu palinitisha."

Mchukuzi mmoja aliyekuwa anashusha gunia alilishusha taratibu, akatoka nje. Miaka yote ile nilingoja Mwalimu aseme amekosea, na sasa anasema, nami nilichotaka ni anyamaze.

Baba hakumtazama Mwalimu. Alinitazama mimi, kwa macho yake mabovu.

"Kumbe," akasema.

"Baba, yalikuwa maneno ya watoto."

"Kidato cha kwanza nilikuja siku ya wazazi mara mbili. Cha pili ukaniambia wazazi hawaruhusiwi tena. Cha tatu ukaniambia mkuu amebadilisha utaratibu. Nikawa nakutumia vitu kwa madereva." Akajipapasa kanzu kifuani. "Nilijua unanidanganya, mwanangu. Wenzangu walikuwa wanakwenda. Nikadhani umenionea haya. Nikasema basi, amekuwa msomi, baba ananuka dagaa, nisimwaibishe."

"Hapana, Baba!"

"Nilidhani hivyo mpaka leo."

"Nilikuwa sitaki uje wakuite vile. Sikutaka usikie." Nilikuwa mtu mzima, nina watu kumi chini yangu, nikalia mbele ya magunia kama siku ya kwanza bwenini. Baba akanivuta nikakaa chini miguuni pake, akaniwekea mkono kichwani juu ya ushungi. Mwalimu alivua kofia, akaishika mapajani.

Baba akapenga kamasi. "Lumbesa nilifunga, Mwalimu," akasema. "Hilo usilifute kwenye karatasi yako."

"Silifuti."

"Basi tuko sawa. Kunywa chai."

Tukanywa chai. Walizungumza habari za kasa, kisha za viazi, kisha Baba akaweka kikombe chini. "Shule iko palepale?"

"Palepale, mzee."

"Kila wiki nilikuwa napita. Sikuwahi kupunguza mwendo." Akamwita dereva, akamwambia asipakie kwanza, alete lori mlangoni.

Tulikaa wanne mbele, tumebanana, mimi katikati ya wazee wawili na mchoro juu ya magoti yetu. Njia nzima Baba alikuwa anauliza majina ya vilima alivyovipita maisha yake yote, na Mwalimu anamtajia, kwa Kibena kwanza kisha kwa Kiswahili. Tulifika saa nane hivi, wanafunzi wako darasani, uwanja mtupu. Mlinzi wa getini alikuwa kijana mgeni asiyemfahamu yeyote kati yetu. Akaja na daftari lake la wageni, akachungulia dirishani.

"Mmekuja kumwona nani?"

"Nimekuja kumtembelea binti yangu," Baba akasema.

"Anaitwa nani? Yuko kidato gani?"

Baba akanigeukia, na nikaona hatanii hata kidogo. "Cha pili," akasema.

Mlinzi akanitazama mimi, mama wa watoto wawili, akatazama kanzu, akatazama lori. Leo si siku ya wazazi, akaanza kueleza, labda mrudi mwisho wa mwezi. Mwalimu akainama mbele yangu mpaka uso wake ukafika dirishani.

"Mfungulie, kijana," akasema. "Ni mzazi. Mimi ndiye niliyemchelewesha."